Mhudumu wa Choo, Kondele

Kiti changu cha plastiki kimekatika mkono mmoja.
Mezani nina karatasi za shashi, peremende za mnanaa,
kiberiti, na sahani ya sarafu.
Juu ya kichwa changu muziki unatikisa dari hadi alfajiri,
na wote, wa bia na wa mvinyo, hupita kwangu.
Kibofu hakijui tajiri.

Ndiyo maana najua mengi.
Najua chupa iliyofunguliwa mbele yako
na ile iliyofika imeshafunguliwa.
Najua bili inavyotunga mimba:
unakuja msalani umeacha bia mbili,
unarudi zimezaa, ni tisa.
Na Obuya wa kaunta akisema "mjomba amelala,"
najua si usingizi wa Mungu.

Usiku ule alikuja Magesa, mtu wa Musoma.
Nilimjua kwa Kiswahili chake:
alisema "naomba," akasema "samahani,"
hapa kwetu, ambapo mtu husema "leta."
Amefuata vipuri vya mashine ya barafu.
Hela amezibadilisha mpakani,
zimevimba mfukoni mwa shati kama jipu.

Kulia kwake aliketi Lavenda.
Kushoto, binamu wa Lavenda,
ambaye si binamu wa mtu.
Lavenda simlaumu sana. Ana mwenye nyumba,
na mwenye nyumba ana kufuli jipya.

Magesa aliposhuka kunawa, nikampa shashi,
nikanong'ona kama anayehesabu chenji:
Mwanangu, glasi uliyoiacha juu si yako tena.
Usiirudie, hata kwa kuonja.
Agiza nyingine, ifunguliwe ukitazama,
uilipie papo hapo.
Namba ya siri ya simu
ifunike kama kidonda msimu wa nzi.
Boda utakayoitiwa na binamu, usipande;
mwambie Wafula wa langoni akuitie.
Na hapo nje wako wawili wenye makoti,
watajiita maafande, watadai hati yako ya kusafiria.
Waambie mwende kituoni.
Afande wa kweli hakiogopi kituo.

Alinitazama, mikono ikidondosha maji.
Kisha akatabasamu, kwa adabu ya kwao:
"Mama, nyumbani walinionya,
Kisumu usimwamini mtu.
Sasa nikuamini wewe kwa nini?"
Akaweka sarafu sahanini.
Akapanda ngazi.

Sikuwa na jibu.
Nimekaa kwenye kiti hiki miaka sita
na swali hilo sikuwahi kuulizwa.
Ningemwambia nini?
Kwamba nina sura ya shangazi?
Binamu naye ana sura ya binamu.

Saa kumi na moja nikapanda kufagia.
Kwenye meza yao glasi moja imejaa hadi ukingoni,
barafu imeshayeyuka zamani,
na wadudu wa ziwa wameelea ndani, mabawa wazi,
kumi, kumi na watano,
waliokunywa kwa niaba ya mtu.
Nikaishika kwa ncha za vidole,
nikaimwaga chooni kwangu, nikavuta maji mara mbili.

Wafula ndiye aliyenisimulia mengine, huku anacheka.
Makoti yalimzuia Magesa hatua chache kutoka langoni,
naye hakubisha, hakukimbia.
Alisema kwa sauti ya muadhini:
"Samahani, wakubwa, naomba twende kituoni.
Naomba sana."
Akarudia, na akarudia tena,
mpaka mwenye kuchoma mahindi akageuka, na watu wa boda wakageuka,
na makoti yakakumbuka yana safari.

Nikashuka kuhesabu sahani yangu.
Sarafu yake niliitambua kwa uzito.
Ni ya kwao. Hapa haipiti,
hata peremende hainunui.
Nimeiweka pembeni mwa kiberiti, na bado sijui
kama mgeni alinilipa
au na mimi nilitapeliwa.